Gari nyeusi, jua la Mtwara na utando wa buibui kwenye boneti: chanzo ni nini na unatokaje?

#1 MnaziWaShangani

Wakuu, habari za jioni.

Nina Toyota Harrier nyeusi, niliitoa Dar mwaka jana mwezi wa nane. Ilipofika Mtwara ungeweza kunyolea ndevu kwenye boneti. Leo asubuhi nimeegesha Shangani upande wa baharini, jua limeshapanda kidogo, nikainama kukagua tairi. Nilipoinua macho nikakuta boneti nzima ina mikwaruzo myembamba kama nywele, imelizunguka jua kama utando wa buibui. Nikisogea, nayo inasogea. Nikiiingiza gari kivulini, hakuna kitu. Ukipitisha kiganja, laini tu.

Gari haijagongwa, haijaingia porini. Inaoshwa na kijana mmoja pale Chikongola mara mbili kwa wiki. Jirani anasema ni salfa ya mikorosho. Shemeji anasema chumvi ya bahari. Fundi mmoja kaniambia boneti yote ipigwe rangi upya na kaniandikia bei ambayo imenikosesha usingizi.

Naomba kujua mambo mawili: nini kinaleta hali hii, na je inatoka bila kupiga rangi? Wa Mtwara na Lindi hasa, kwa sababu nyinyi ndio mnaishi na jua hili na mchanga huu.

#2 Kitangali_Boy

Usipige rangi kwanza! Wajuzi wanakuja. Weka picha mkuu.

#3 FundiRangi_Mkanaledi

Mtoa mada, tulia. Nimeshika bunduki ya rangi miaka 19 na hilo tatizo naliona kila siku.

Gari za siku hizi zina bati, juu yake prima (rangi ya kwanza ya kushikia), juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa klia, ambayo haina rangi, kazi yake ni kung'aa na kukinga. Unachokiona kipo kwenye klia. Kuhakikisha, mwagia maji safi. Mikwaruzo ikipotea ikiwa imelowa na kurudi ikikauka, ujue haijafika kwenye rangi. Halafu pitisha ukucha kwa kuukingama mkwaruzo. Ukucha ukiteleza, unatoka kwa kampaundi, yaani dawa ya kusugulia rangi. Ukucha ukikwama, hapo tutazungumza mengine.

Chanzo ni huyo kijana wa Chikongola. Simlaumu, wengi wanafanya hivyo. Dodoki moja linaanzia kwenye tairi, linapanda mlangoni, linamalizia kwenye boneti. Limebeba mchanga. Anazungusha mkono, ndiyo maana alama zinakuja za mduara.

Dawa ni kampaundi laini, kisha polishi, kisha waksi. Lakini nisikilize hapa, maana watu wanadhani kampaundi inajaza mkwaruzo kama puti. Haijazi. Inakata klia ya pembeni mpaka ishuke ilingane na kitako cha mkwaruzo. Na klia hiyo ni nyembamba mno. Rangi yote ya kiwandani, prima mpaka juu, ni maikroni 100 mpaka 150 hivi (maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kama karatasi moja ya fotokopi au zaidi kidogo. Klia peke yake ni 40 au 50, pungufu ya unene wa unywele. Kila ukipiga kampaundi unakula akiba ambayo hairudi. Anayekuambia upige kila mwezi anakumalizia gari.

#4 Mkulima_Tandahimba

Fundi nakuheshimu sana ila wewe upo mjini. Huku kwetu kuanzia mwezi wa sita tunapuliza salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga kwenye maua ya mikorosho. Alfajiri, upepo ukiwa umetulia, wingu la njano linatanda shamba zima mpaka barabarani. Gari ikilala nje unaikuta imevaa unga. Pikapu yangu ya bluu naosha mwenyewe, haijawahi kufika kwa waosha magari hata siku moja. Kila msimu wa salfa ukiisha, boneti na paa vina utando huo huo anaousema mtoa mada. Milango ina nafuu. Sasa kama ni dodoki, mbona milango isiumie sawasawa?

#5 MwalimuWaKemia

Mkulima, hoja ya milango ni nzuri na sitaki kuipuuza. Ila salfa yenyewe ni laini. Kuna kipimo cha ugumu cha Mohs, kinaanzia 1 mpaka 10. Salfa ipo kwenye 2 hivi, ukucha wako ni 2.5. Kioo cha dirisha ni 5.5. Mchanga wetu huu mweupe wa pwani, ambao ni madini ya kwazi (quartz), ni 7. Unga wa salfa peke yake hauna ubavu wa kukwaruza klia kwa namna unayoieleza.

Swali langu kwako: ukiikuta imevaa unga asubuhi, unafanyaje?

#6 Mkulima_Tandahimba

Nafuta na tambara, mwalimu. Siwezi kuendesha sioni mbele.

#7 MwalimuWaKemia

Kavu?

#8 Mkulima_Tandahimba

Kavu. Lakini naendelea kusema, unga ule haushuki peke yake. Mashine ya kupulizia inatimua na udongo wa shambani. Kwa hiyo bila salfa nisingefuta, na bila udongo pasingekwaruzika. Sioni ni kwa vipi salfa itoke kwenye kesi.

#9 BinMikindani

Nina marekebisho kidogo kwa fundi wa #3. Duara halitokani na mkono kuzunguka. Hata ukifuta gari kwa mistari iliyonyooka maisha yako yote, juani utaona duara tu. Mikwaruzo imelala kila upande, maelfu kwa maelfu. Ile iliyokaa kwa kulizunguka jua ndiyo inayokurudishia mwanga machoni, mingine inabaki gizani. Ndiyo maana mtoa mada akisogea na duara linasogea. Kama ingekuwa mkono wa kijana, duara lingebaki palepale.

Asiyeamini achukue sinia la alumini la pilau, lile la siku nyingi lililosuguliwa kwa mchanga na majivu, alishike chini ya taa ya umeme. Ataona utando huo huo, na taa katikati.

#10 FundiRangi_Mkanaledi

Mikindani umenifundisha. Nimetoka kujaribu na sinia sasa hivi, mke wangu ananishangaa. Ni kweli kabisa. Hilo la mkono kuzunguka nalifuta. La mchanga kwenye dodoki nabaki nalo.

#11 MamaNasra_Mitwero

Salaam kutoka Lindi. Mimi sina maneno ya maikroni, nina jambo nililolifanya kwa mikono yangu.

Gari yangu nyekundu, pale nyuma ya vitasa vya milango palijaa mikwaruzo ya kucha na pete. Nilichukua dawa ya meno nyeupe ya kawaida, siyo ile ya jeli, nikaweka kwenye kitambaa cha fulana kilicholowa, nikasugua taratibu kama dakika tatu, nikasuuza. Milango yote minne. Michache ya ndani imebaki, mingi imeondoka. Sikutoa hata shilingi, dawa ilikuwa bafuni. Hiyo ni tangu mwaka juzi na haijarudi.

#12 Chuno_Kwetu

Lindi mnapiga gari mswaki 😂 Mtwara tuna mafundi dada, karibu.

#13 MamaNasra_Mitwero

Kaka, mafundi mnao na utando mnao. Sisi tuna dawa ya meno na vitasa vinang'aa. Nani kashinda hapo?

#14 FundiRangi_Mkanaledi

Mama Nasra kashinda. Dawa ya meno ina unga mlaini wa kusugulia, ndiyo kazi yake hata mdomoni. Kwa hiyo kimsingi alipiga kampaundi dhaifu sana. Eneo dogo kama la kitasa, sawa kabisa. Boneti nzima sikushauri. Utasugua mpaka mkono ufe ganzi, na kwa kuwa mkono haukandamizi sawasawa, pengine patang'aa pengine patafifia. Kwenye gari nyeusi hiyo tofauti itaonekana kutoka ng'ambo ya barabara.

#15 DerevaMstaafu

Wanangu, nimeendesha gari za ofisi miaka 27, Mtwara, Lindi na Nachingwea. Naomba niseme kitu ambacho hakijaguswa vizuri.

Kila asubuhi, saa moja kasoro, dereva wa ofisi ana kazi moja kabla mkubwa hajatoka: kufuta gari. Hakuna maji wala muda. Unatoa tambara chini ya kiti, unapiga boneti, unapiga milango, unapiga kioo. Vumbi la usiku linaondoka, gari inang'aa, mkubwa anafurahi. Tambara lile lile linarudi chini ya kiti, kesho tena. Nilifanya hivyo miaka yote nikiamini naitunza gari, na niliifanya kwa moyo kweli. Gari ya mwisho niliyokabidhi ilikuwa bluu iliyokolea. Nilipoikabidhi juani nikaona nilichoifanyia. Iliniuma, kwa sababu ile gari niliipenda.

Kuosha mara mbili kwa wiki, mtoa mada, ni mara 104 kwa mwaka. Kufuta kila asubuhi ni zaidi ya mara 300. Je, nyumbani kwako hakuna mtu anayeifuta asubuhi?

#16 MnaziWaShangani

Mzee wangu shikamoo. Swali lako limenichoma. Nimemuuliza mlinzi sasa hivi. Anasema "naifuta kila siku bosi, hujaniona tu kwa sababu unakuwa bado umelala". Anafuta kwa mapenzi yake mwenyewe. Sikuwa na la kumwambia, nimemshukuru na kumwomba apumzike kwanza.

#17 DerevaMstaafu

Marahaba mwanangu. Usimkemee. Mnunulie ndoo.

#18 Mnewala_Halisi

Mnazungumzia ndoo kama mko kando ya mto. Mimi nipo Newala, juu ya uwanda wa Makonde. Wazee wetu walishuka bondeni kufuata maji, na mpaka leo kuna siku tunanunua kwa dumu. Kuna mtu alinishauri ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia tambara, na mpira wa maji wa kutoa vumbi kwanza. Mpira gani? Nikiwa na lita 20, zile 10 ni za watoto kuoga.

Na udongo wetu ni mchanga mwekundu. Ukitoka hapa mpaka Mtwara gari imebadilika rangi. Kwa hiyo naosha na ndoo moja, tena nusu, na ya mwisho huwa imeshakuwa chai. Najua nakwaruza. Nifanyeje?

#19 BinMikindani

Mnewala, swali lako ndilo la maana kuliko yote humu na sitaki kukujibu kwa kejeli.

Kwanza, bora iwe chafu kuliko kuifuta vibaya. Vumbi lililokaa juu ya klia halikwaruzi, linakwaruza likiburutwa. Acha mpaka upate maji. Futa vioo, taa na namba basi.

Pili, ukipata lita 10, usizitie sabuni zote. Lita 6 mwagia kwa kata, taratibu, kuanzia paa kushuka chini, bila kugusa kwa mkono. Sehemu kubwa ya mchanga itaondoka na maji. Lita 4 zilizobaki ndiyo tia sabuni kidogo, chovya vitambaa vitano sita, kila kimoja kikunje mara nne. Unapitisha upande mmoja mara moja, unageuza. Kitambaa kikiisha pande zake, weka pembeni, usikirudishe kwenye ndoo. Paa na boneti kwanza, chini ya milango mwisho, tairi na kitambaa chake peke yake. Vitambaa vitafuliwa siku ya kufua.

#20 Mnewala_Halisi

Asante sana. Hii nimeielewa na ninaiweza.

#21 MamaNasra_Mitwero

Nyongeza: kukaushia, kanga kuukuu iliyofuliwa mara nyingi. Unaitandaza juu ya boneti, unaivuta kwa pindo, hukandamizi. Kanga mpya hainywi maji.

#22 Masasi_Mjini

Mimi nimekuja kuonya. Usiruhusu mtu akupigie kampaundi kwa grinda.

Mwaka jana nilipeleka gari yangu ya kijivu kwa fundi mmoja, simtaji. Nikaikuta boneti inasuguliwa na mashine ya kukatia vyuma, kafunga sponji kwa mpira. Nilipofika alikuwa kwenye ule ukingo wa boneti karibu na taa. Nikasikia harufu kama ya plastiki kuungua. Alipotoa mashine palikuwa na mstari mweupe wa sentimita 15. Klia ilikuwa imeisha pale na rangi imeanza kuliwa. Akaniambia "itarudi ukipaka waksi". Haikurudi. Miezi mitatu baadaye klia ya pembeni ikaanza kubanduka kama ngozi iliyoungua jua.

#23 FundiRangi_Mkanaledi

Pole sana Masasi. Grinda ndogo inazunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Mashine halisi ya polishi naiendesha 1,000 mpaka 1,500, mara chache 2,000. Ile ya kasi ya juu inatengeneza moto, na kwenye kingo na mikunjo klia huwa nyembamba zaidi. Mimi kingo zote nabandika utepe wa karatasi wenye gundi kabla sijawasha mashine.

Zipo za aina mbili. Moja inazunguka tu, inakata haraka ila mkono mzito unaacha mawimbi yake, gari inapata madoa ya mwanga kama mafuta yaliyomwagika kwenye maji. Nyingine inazunguka huku inayumbayumba, ni ya polepole lakini ni vigumu kuunguza nayo. Kwa asiye fundi, hiyo ya pili. Na ifanyike kivulini, boneti iwe ya baridi. Saa saba mchana ya Mtwara kampaundi inakauka kabla hujapitisha mara mbili, unabaki unasugua vumbi.

#24 Mzigo_wa_Japani

Naona mmemhukumu kijana, mlinzi na mikorosho. Mimi naagiza magari na nina mashaka na kitu kingine kabisa.

Gari iliyotumika inapofika kwenye yadi huwa inapigwa polishi kabla ya kuoneshwa mteja. Zipo polishi zenye mafuta na vijazio, zinaingia kwenye mikwaruzo na kuificha. Unainunua inang'aa kama kioo. Baada ya miezi kadhaa ya sabuni ya unga na jua, vile vijazio vinatoka, na mikwaruzo ya miaka kumi ya Japani inajitokeza. Mwenye gari anadhani imetokea jana.

Mtoa mada, unayo karatasi ya mnada, ile ya ukaguzi wa gari kutoka Japani? Angalia ule mchoro wa gari. A1 ni mkwaruzo mdogo, A2 na A3 inakua, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyowahi kurekebishwa na kupigwa rangi. Na angalia namba ya rangi kwenye kibati. Kama ni 202, hiyo ni nyeusi ya Toyota ambayo watu wa polishi dunia nzima wanaijua kwa ulaini wake. Ukiiangalia vibaya inakwaruzika.

#25 MnaziWaShangani

Nimeitafuta mpaka nimeipata kwenye bahasha ya bima. Boneti imeandikwa A1. Mlango wa nyuma kushoto W1. Kibati kinasema 202.

Sasa nimechanganyikiwa zaidi kuliko nilipoanza.

#26 FundiRangi_Mkanaledi

A1 ni mkwaruzo mmoja mdogo, haiwezi kuwa utando wa boneti nzima.

#27 Mzigo_wa_Japani

Fundi, mkaguzi wa mnada haandiki utando mwepesi. Ule anauhesabu kwenye daraja la jumla la gari. A1 ni ule mkwaruzo unaoonekana peke yake. Kwa hiyo karatasi haikanushi ninachosema.

#28 FundiRangi_Mkanaledi

Na haithibitishi.

Ila hiyo W1 izingatie, mtoa mada. Mlango uliopigwa rangi mara ya pili klia yake inaweza kuwa nene kuliko ya kiwandani au ngumu tofauti. Usiupige kwa nguvu ile ile ya boneti. Mwenye kipimo cha unene wa rangi akupimie. Kinasoma kwenye bati, kwenye bampa la plastiki vile vya kawaida havisomi kitu.

#29 Shemeji_wa_Bahari

Mimi ndiye shemeji aliyetajwa #1. Mbona chumvi mmeiruka? Gari inalala mita 200 kutoka baharini. Asubuhi kioo kinanata.

#30 MwalimuWaKemia

Shemeji, chumvi nayo ni laini, 2.5 hivi, na ikikutana na maji inayeyuka. Inaponata inashika mchanga, hapo nakubali ina mkono wake. Hatari yake kubwa ni nyingine: mkwaruzo ukifika kwenye bati, hapa pwani kutu inaanza mapema kuliko Dodoma au Singida. Kwa hiyo mkwaruzo wa ukucha kukwama usiuache hivi hivi hata kama ni mdogo. Utilie rangi ya kudonoa, tone dogo tu pale palipong'oka.

#31 Msijute_Njiani

Mimi kila siku nipo nyuma ya malori ya saruji. Vumbi likikutana na umande linaganda. Nikiosha, matone ya kijivu hayatoki, nikisugua ndiyo naharibu. Hilo nalo ni utando?

#32 BinMikindani

Hapana, hayo ni madoa. Usisugue. Saruji ina chokaa, siki iliyochanganywa na maji inailegeza. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya doa dakika chache, suuza kwa maji mengi. Ikigoma, rudia, usiongeze nguvu. Maji ya kisima cha chumvi yakikaukia juani yanaacha madoa ya duara pia. Watu wengi wanayachanganya na utando.

#33 Kilwa_Road

Mei 2024 barabara ilipokatika Kilwa baada ya kimbunga Hidaya nilizungukia Songea na Njombe. Boneti ilirudi na vijitundu vya kokoto kama 30. Kampaundi itasaidia?

#34 FundiRangi_Mkanaledi

Haitasaidia. Kitundu cha kokoto kimeng'oa rangi. Donoa.

#35 Kitangali_Boy

Na mabibo je? Niliegesha chini ya mkorosho mwezi wa kumi na moja, yakadondoka, sasa kuna doa la kahawia kwenye paa.

#36 Mkulima_Tandahimba

Mdogo wangu, nani kakufundisha kuegesha chini ya mkorosho mwezi wa kumi na moja? 😂 Umezaliwa Kitangali kweli wewe? Nguo tu ikipata maji ya bibo haitakati, itakuwa rangi ya gari. Osha mapema siku nyingine. Hilo limeshaingia.

#37 Chuno_Kwetu

Jamani taa. Kama dawa ya meno ya mama Nasra inatoa mikwaruzo, taa za mbele zilizopata manjano nazo?

#38 MamaNasra_Mitwero

Inatoa kaka, nimefanya. Zikarudi manjano baada ya miezi kama mitano.

#39 FundiRangi_Mkanaledi

Zinarudi kwa sababu taa ni plastiki na ina utando wa kuzuia jua. Ukiusugua ukaisha, jua linaipiga plastiki yenyewe. Ukishasafisha, funika kwa klia.

#40 Alteza_Ligula

Nilisikia kuna rangi inayojiponya yenyewe. Kweli au hadithi?

#41 Mzigo_wa_Japani

Kweli. Nissan walitangaza klia ya namna hiyo mwaka 2005. Ni laini kama mpira, mkwaruzo mwepesi wa kuoshea unarudi taratibu, joto likiwepo ndiyo haraka. Mkwaruzo uliochana hauponi. Usitegemee kuikuta kwenye kila Nissan, iliwekwa kwenye baadhi tu.

#42 MnaziWaShangani

Wakuu, nimerudi na majibu ya wiki moja.

Nilimwagia maji: utando ulipotea wote isipokuwa mistari miwili karibu na kioo. Ukucha unakwama kwenye mmoja wao. Nikachukua ushauri wa fundi. Nikaosha vizuri, nikabandika utepe wa karatasi kuzunguka eneo la kama futi moja kwa futi moja, kivulini, saa kumi na mbili asubuhi. Kampaundi laini, sponji ya mkono, mara nne, kisha polishi. Nikafuta yote kwa maji yenye sabuni ili isije ikawa ni mafuta yanafunika, kama alivyosema Mzigo wa Japani. Nikaitoa juani.

Wakuu, kile kipande kimekuwa kisima. Weusi wake unaingia ndani. Pembeni yake boneti nzima inaonekana ya kijivu, na mimi siku zote nilidhani hiyo ndiyo rangi yake. Nilikaa pale naangalia mpaka chai ikapoa. Mistari miwili ipo vile vile.

Lakini kuna jambo limenitatiza. Nilipanda kwenye ngazi kuangalia paa. Mlinzi hafiki pale, ni mfupi. Kijana wa Chikongola anapamwagia maji tu, nimemuuliza na nimemwona. Na paa lina utando. Mwepesi, lakini upo.

#43 Mzigo_wa_Japani

Nilisema. Imetoka nao Japani.

#44 Mkulima_Tandahimba

Paa na boneti. Vitu viwili vinavyotazama juu. Unga unatua juu. Narudia tu.

#45 DerevaMstaafu

Mwanangu, kabla yako ilikaa yadi. Yadi wanafuta kila asubuhi, tena na mafagio ya manyoya yenye mpini mrefu. Hayo yanafika paani hata kwa mtu mfupi.

#46 FundiRangi_Mkanaledi

Wote mnaweza kuwa sahihi kwa pamoja, na kwa hili la paa sitajifanya najua. Ninachojua ni kwamba usipige boneti nzima mpaka upimwe klia imebaki kiasi gani. Kama yadi walishapiga mara mbili na Japani mara tatu, huenda kilichobaki ni kidogo. Rafiki yangu wa Magomeni ana kipimo. Nitakiazima kwake.

#47 BinMikindani

Nina wazo. Mtoa mada ana nyeusi anayooshewa. Mimi nina nyeusi, 202 hiyo hiyo, nimeiosha mwenyewe tangu siku ya kwanza, na inalala hapa Mikindani, bahari ile ile, chumvi ile ile. Tuziegeshe sambamba, tupitishe tochi moja, tupime zote mbili. Mkulima akipenda aje na pikapu.

#48 Mkulima_Tandahimba

Nakuja. Sitaiosha wala sitaifuta mpaka siku hiyo, muione na unga wake.

#49 MamaNasra_Mitwero

Lindi mpaka Mikindani siyo mbali. Nakuja na vitasa vyangu 😄

#50 MnaziWaShangani

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijachoma boneti. Fundi njoo na kipimo. Mlinzi wangu ameomba kuja pia, na ndoo mbili ameshazinunua yeye mwenyewe.